Zawadi ya ukutani kwa papa (baba yetu): santuri iliyokatwa kwa mkono, ya mashine, disike nzima, au shaba?

Mwana Katuba
Bandugu, jambo zenu. Papa yetu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, na sisi watoto tumepatana kumnunulia kitu cha kutundika sebuleni. Amekulia ndani ya muziki: rumba ya Kinshasa na magita ya hapa Katanga. Kuna fundi anayekata picha katika santuri za zamani kwa mkono, anazitia kwenye kadre (fremu) ya mbao na kioo. Anaomba dola 45. Mwingine anakata kwa mashine kwa dola 20, sura za wanamuziki anazo tayari, unachagua tu. Mdogo wangu anasema tusikate chochote, tuweke disike nzima pamoja na ganda lake la karatasi. Yaya, mkubwa wetu, anataka shaba iliyofuliwa, kwa kuwa sisi ni watu wa Lubumbashi, mji wa shaba. Ninyi mungechukua nini?

Fundi wa Kamalondo
Kazi yangu ni kadre, na santuri za kukatwa nimezifungia watu wengi. Kwanza jua kwamba LP, zile santuri kubwa, ni plastiki ya PVC. Ikiunguzwa na leza (mwali wa mwanga wa mashine ya kukatia) inatoa gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inageuka asidi. Inakula chuma cha mashine na inaumiza mapafu ya anayesimama karibu. Kwa hiyo wengi wenye leza hawaipokei PVC hata ukiwaongezea franga. Ukiona ukingo umevimba na kung'aa, ulikatwa kwa moto.

Fundi wa mkono anatoboa tundu dogo, anapitisha uzi wa msumeno wa sonara, anakata taratibu. Akikimbia, msuguano unapasha plastiki na njia inajifunga nyuma ya msumeno. Mwisho anapiga msasa. Pitisha kidole: ukingo uwe mkavu na laini.

Kisha tazama mchoro. Santuri haina karatasi ya nyuma ya kushikilia vipande, kwa hiyo jicho, mdomo na nyuzi za gita lazima viungane na mwili wa disike mahali fulani. Fundi mzuri anaficha viungo hivyo kwenye kivuli cha shavu au mkunjo wa shati. Asiyejua anaacha vijiti vinavyokatiza uso wa mtu. Hiyo tofauti ya dola 25 iko hapo, wala mimi siioni kubwa.

Mama wa Disike
Bana bangu, musikate disike yenye ingali inaimba! Nawaomba kwa moyo wote. Na zaidi zile za 78, za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nzito, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo. Zile si plastiki, ni sheleki, utomvu wa mdudu mdogo wa kule India na jirani zake; msumeno ukizigusa zinapasuka. Mwenda wa Bayeke, mpiga gita wetu wa Katanga, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na muziki wake ukatoka kwenye 78 za Gallotone, kampuni ya Afrika Kusini. Ukikuta moja ku soko ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hata ikiwa na mikwaruzo, ifunge vizuri uipeleke nyumbani. Vilevile disike za Ngoma, kampuni iliyoanza Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1948. Hizo ni kumbukumbu yetu, na hakuna atakayezichapa tena vile zilivyokuwa.

Ya kukata ni iliyopinda kwa jua, au iliyomegeka, au zile za muziki wa Ulaya zilizojaa kila mahali.

Kijana wa Ruashi
Mama, heshima kwako, lakini hilo la mwisho linanisumbua. Sura ya Franco, mpiga gita wa bendi ya OK Jazz, ikichongwa kwenye disike ya kwaya ya Ubelgiji, mzee atakayeinama kusoma karatasi ya katikati ataona nini? Mimi ningemwuliza fundi kwanza: hii ilikuwa santuri ya nani? Na ile karatasi isiguswe. Bila hiyo unabaki na plastiki nyeusi tu.

Kwa shaba: ni nzuri, ni yetu, lakini nyumba nyingi za wazee hapa tayari zinayo.

Fundi wa Kamalondo
Kijana amesema kweli. Niongeze la mwanga, maana wengi hawalifikirii. Mifereji ya santuri inarudisha mwanga kwa mistari inayozunguka unapotembea mbele yake. Dirisha likiwa ubavuni, uzuri wote unatokea. Likitazamana nayo, unaona kioo tu. Acha nafasi kati ya santuri na kioo, na nyuma weka kitambaa cha rangi ya maziwa. Na usitundike ukuta unaopigwa na jua la Oktoba, plastiki hii inalegea kwa joto na ganda linapauka.

Mwana Katuba
Aksanti sana, wote. Mama amefungua kabati, tukapata LP ya OK Jazz aliyonunua papa mwenyewe. Imepinda vibaya, sindano inaruka tangu mwanzo, lakini ganda ni zima. Tumekubaliana: ikatwe kwa mkono, picha iwe mkono unaopiga gita, karatasi ibaki, na ganda liwe na kadre yake pembeni. Mama wa Disike, unaturuhusu?

Mama wa Disike
Kama haiimbi tena, na ilikuwa yake, kateni. Lakini mumwonyeshe kwanza.

Mwana Katuba
Tutamwonyesha, hata kama zawadi haitakuwa siri tena. Fundi, iliyopinda inakatika?

Fundi wa Kamalondo
Inanyooshwa kwanza kati ya vioo viwili vinene kwa joto dogo. Haitapona kuimba, ila italala sawa. Niletee pamoja na ganda, nipime vyote viwili, na njiani usiviache ndani ya gari juani.