Ndugu mliotoa ahadi za mdomo kwenye mahafali ya mdogo wangu, njooni hapa tuongee

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa michango ya harusi, hili ni balaa jingine kabisa.

Jumamosi tulimfanyia mdogo wangu sherehe ya kumaliza chuo. Nyumbani, Kivule, si ukumbini. Nilisema nyumbani kwa sababu nilidhani ni nafuu. Mniwie radhi, nilikuwa mjinga.

Kundi la WhatsApp lilifunguliwa Agosti. Watu 64. Kila siku "hongera binti yetu", makopakopa, vigelegele vya maandishi. Ahadi zikafika 2,350,000. Mpaka Ijumaa jioni pesa iliyoingia kwenye simu ya mhazini ni 710,000, na kati ya hiyo laki mbili ni ya mama, aliyeuza mbuzi wake. Iliyopungua nimekopa kikoba. Nilishalipia turubai na viti, mpishi kashachukua advansi, kadi zimeshagawiwa, ningerudi nyuma vipi?

Tulipika kwa hesabu. Kadi 100, tukaweka na watu 20 wa dharura: mchele kilo 20, nyama kilo 22, kuku 15, ndizi, kachumbari. Soda kreti kumi. Saa tisa mchana nahesabu vichwa chini ya turubai, nimefika 180 na bajaji bado zinashusha. Shangazi mmoja (ahadi yake elfu hamsini, hajatoa hata mia) kaja na watu tisa. Tisa! Namuuliza hawa ni akina nani, ananijibu, "Majirani zangu baba, wamenisindikiza." Kusindikizwa kutoka Gongo la Mboto kuja kula pilau?

Halafu hotpoti. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Juni 2019 nilijua ugonjwa wa kubeba chakula kwenye shughuli umekwisha. Wapi! Watu wamehamia kwenye vyombo vya maana. Nimemshuhudia mama mtu mzima anachota mapaja ya kuku kutoka kwenye bufee, anafunika hotpoti, anaisukuma kwa mguu chini ya kiti, kisha anarudi kwenye foleni na sahani safi. Na nyuma yake walikuwa wamesimama wanafunzi wenzake na binti, waliochanga elfu kumi kumi kwa tabu, wakaishia wali mweupe na kachumbari. Mpishi naye nina shaka naye, kuku 15 hawawezi kutoa mapaja machache namna ile, ila yeye nitamalizana naye kivyake.

Sasa njooni kwa baba mdogo. Huyu ndiye aliyeniua. Ahadi laki tatu, ndiye aliyekuwa anatufokea kwenye kundi kwamba "familia yetu haifanyi vitu vya aibu". Hakutoa. Kafika saa kumi, suti ya bluu, kapita moja kwa moja hadi meza kuu kakaa kwenye kiti cha mama. Mama yangu akavutiwa kigoda pembeni, karibu na spika. Mzee kapewa kipaza sauti, anaanza: "Sisi kama walezi tumejinyima sana kumfikisha huyu mtoto hapa..." Umeme ukakatika hapohapo. Uniti za LUKU zilikuwa zimeisha, muziki wa DJ umezila zote. Wakuu, katika siku nzima hiyo ndiyo dakika pekee niliyocheka. Na bado waliniita mimi nikanunue.

Joho je? Ni la kukodi, linarudishwa chuoni likiwa safi. Mashangazi wamelivaa kwa zamu kupiga picha, mikono ina mafuta ya pilau. Mkono wa kulia una alama ya vidole vitano, ukitazama vizuri unajua kabisa ni kiganja cha nani. Binti kalifua mara mbili huku analia. Huyu ndiye tuliyekuwa tunamsherehekea. Ana shahada ya ualimu wa hesabu, ajira bado, na siku akiipata asilimia 15 ya mshahara inakwenda kulipa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Zawadi alizopata: vitenge vitatu, seti mbili za glasi, na bahasha nyingi nyembamba. Moja haina kitu, ina jina tu kwa juu. Jina nalijua, nalihifadhi.

Jumapili asubuhi nimeokota chupa za soda mpaka kwenye mtaro wa jirani. Zimepungua 31. Mwenye duka kazikata kwenye hela ya chupa niliyoacha kwake, hana makosa. Viti viwili vimevunjika miguu, navyo nimelipa.

Nikafungua kundi nikitegemea angalau asante. Ujumbe wa kwanza, wa shangazi wa watu tisa: "Shughuli ilifana ila mjirekebishe, chakula kilikuwa kidogo." Umepigiwa makofi na watu 22. Nimewahesabu. Kumi na nne kati yao hawajachanga.

Na jana usiku nimeungwa kwenye kundi jipya bila kuulizwa. Sendofu ya binti wa baba mdogo, huyohuyo wa suti ya bluu. Jina langu liko namba nne, nimeshaandikiwa laki mbili.

Waliowahi kutoka kwenye makundi ya ukoo, mlitokaje? Usiku kimyakimya, au mliaga?