Nimelipa shilingi 350,000 turubai la paa la gari lisipitishe maji, na bado tumelala kwenye godoro lililolowa

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, ila sitamtaja fundi wala karakana yake, kwa kuwa ninachodai ni fedha yangu. Wenye magari ya kupigia kambi hapa Arusha wana haki ya kujua yaliyonipata, maana masika bado hayajafika hata nusu.

Gari ni Land Cruiser ya mkonga niliyoiwekea paa la kunyanyuka, lile ambalo ukilisukuma juu linaacha uwazi unaozungushiwa turubai pande zote, na kitanda kikiwa huko huko juu. Turubai lenyewe ni la pamba iliyochanganywa na poliesta, lina miaka 6, na mwaka jana lilianza kupata unyevu kwenye kona mbili za nyuma. Halikuwa likivuja, ukiligusa kwa ndani kidole kinatoka na majimaji, basi. Fundi alilifungua, akakaa nalo siku 4, akanitoza 350,000.

Siku ya kulichukua alinionyesha kazi yake kwa mbwembwe. Alilitandaza mezani, akachota maji kwa kikombe cha plastiki na kuyamwaga katikati ya kitambaa. Yakajikusanya matone kama shanga na kuteleza hadi ukingoni, naye akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikalipa. Sikujiuliza kwa nini hakudondosha hata tone moja juu ya mshono.

Mwishoni mwa Machi tulilala kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi peke yake inatosha kukukosesha usingizi. Mvua ilianza saa nane usiku. Kitambaa chenyewe hakikupitisha kitu, lakini maji yaliingia kwenye matundu ya sindano, moja baada ya jingine, yakafuata zipu ya dirisha hadi kwenye godoro. Mke wangu alishika tochi, nikahesabu matundu 9 yanayotoa maji katika urefu usiozidi kiganja changu.

Kulipokucha nikaona kilichofanyika. Alifumua mishono bila kuniuliza, akashona upya kwa uzi wa nailoni na sindano nene. Uzi wa pamba ukilowa huvimba na kuziba tundu lake wenyewe, ndiyo maana turubai jipya la pamba hulowanishwa na kuachwa likauke, mara moja au mbili, kabla ya kusafiri nalo. Nailoni haivimbi kiasi cha kuziba chochote, kwa hiyo anayeitumia hana budi kupaka mishono nta au gundi yake maalumu. Hakupaka hata kimoja. Tena kando ya mshono kulikuwa na povu jeupe: alilifua kwa sabuni ya unga, hakulisuuza vizuri, na mabaki ya sabuni huyavuta maji yazame ndani ya kitambaa badala ya kuyaacha yateleze.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dawa aliyopaka ni ya silikoni, ambayo ikishakauka ni vigumu kitu kingine kushika juu yake ila silikoni nyenzake. Gundi ya mishono niliyojinunulia baadaye ilibanduka ukanda mzima kwa kucha ya kidole gumba. Maana yake hata fundi mwingine atakayelishika turubai hili ameshafungwa mikono.

Nilipompigia simu alisema huo ni mvuke wa pumzi zetu. Nakubali, watu wawili wakilala madirisha yamefungwa hutengeneza umande mwingi, lakini umande haujipangi kwenye mstari wa mshono. Akageuza maneno, akasema turubai lilikuwa limechoka tangu mwanzo. Kama lilikuwa limechoka, alipokea kazi ya nini? Mwisho akajitolea kupaka mkono wa pili kwa nusu bei!

Ninataka 350,000 yangu irudi. Na mwenye kumfahamu fundi anayeshona kwa uzi wa poliesta uliofunikwa pamba, tafadhali aniandikie hapa. Picha za mishono, za povu na za godoro ninazo. Fundi huyo husoma jukwaa hili, anajijua, na namba yangu anayo.