Kadi janja sawa, lakini hela mkononi ipigwe marufuku kabisa? Tujadili

Mtoa mada:
Wakuu habari za mchana. Hii mada naona kila mtu anaizungumzia kivyake, huyu kituoni yule kwenye foleni, bora tuilete hapa tuivunje. Swali ni moja tu: usafiri wa umma hapa Dar ukihamia kwenye kadi, ni sawa hela taslimu ikataliwe kabisa, au kadi iwepo na hela nayo ibaki?

Nianze kwa kusema sipingi kadi, asije mtu akaniita mshamba. Nauli ya daladala ya ruti fupi ni 600, sasa toa buku uone, konda anakwambia tulia mzee chenji yako ipo, haiji mpaka unakaribia kushuka, mwisho anakupa mia nane wewe na dada usiyemjua aliyetoa buku kama wewe "mkagawane huko chini", mnashuka wote hakuna mwenye chenji mnabaki mnatazamana kando ya barabara kama wachumba waliogombana. Kadi haina huo ujinga, inakata 600 imekata 600 basi.

Kinachonikera mimi ni neno TU. Kadi TU. Juzi kati nimekwama usiku, usafiri gani sisemi. Salio kwenye kadi limebaki mia tatu, dirisha la kuongezea limeshafungwa, simu imezima chaji, mfukoni nina elfu kumi nzima. Yaani hela ninayo, gari ninaliona, nafasi ipo, na sipandi. Nimeondoka na boda kwa elfu nne. Hapo ndo nikajiuliza, hivi gharama ya mfumo kugoma anaibeba nani? Mtandao ukikata ni shida ya abiria, mashine ikikata mara mbili ni shida ya abiria, kadi ikidondoka na salio lake abiria tena. Mwenye mfumo haumii popote, tena hela yangu ameishika kabla sijapanda hata gari lenyewe. Ndo maana nasema hela ikiondolewa, kila hatari inahamia kwa mtu mmoja. Karibuni mnipinge.

Mwanakigamboni:
Nakupinga mapemaa. Mkuu wewe hukai huku Kigamboni ng'ambo ya bahari ndo maana. Pale kivukoni nauli ya mtu kwa mguu ni 200, mia mbili!, sasa piga picha umati wa asubuhi kila mmoja na noti ya elfu mbili anataka chenji dirishani na pantoni ndo hiyo inataka kung'oa. Na kadi nnayoingilia pale, hii N-Card, ndo hiyo hiyo naingilia Kwa Mkapa siku ya mechi na stendi ya Magufuli pale Mbezi. Kadi moja inafungua milango mitatu, mnataka nini tena.

Halafu kuna jambo hamtaki kulisema. Hela mkononi inavuja. Tiketi ya karatasi inakatwa, haichanwi, inarudi dirishani inauzwa upya, nani anajua abiria walipita wangapi? Kadi inahesabu. Ukiruhusu hela "kidogo tu kwa dharura", basi kesho kila mtu ana dharura na mnarudi palepale. Kama ni kufunga funga.

Konda Mstaafu:
Naomba niongee maana humu ndani naona wote ni abiria, hakuna aliyening'inia mlangoni. Mimi nimepiga kazi daladala miaka kumi na moja, konda miaka tisa dereva miwili, kwa hiyo nnachosema nakijua.

Kwenye mabasi ya mwendokasi kadi ni kitu chepesi. Dereva wa lile basi hashiki nauli, tangu wameanza Mei 2016 nauli inaishia getini, yeye anaendesha Kimara Kivukoni mwisho wa mwezi anasubiri mshahara, sasa abiria akilipa kwa kadi, kwa karatasi, kwa chumvi, yeye linamhusu nini? Lakini daladala ndugu zangu ile hela ya mkononi ndiyo injini yenyewe. Asubuhi unatoka na gari la tajiri, kuna hesabu yake lazima ifike jioni, mvua inyeshe jua liwake, hiyo hesabu haiulizi. Sasa safari ya kwanza ndo inaweka mafuta, ya pili inaendelea na mafuta na inamlipa mpiga debe, tairi ikipata pancha Manzese unaziba kwa hela iliyo mkononi sasa hivi, mchana unamwachia deiwaka tripu mbili ukale, naye anataka chake hapohapo, jioni ndo unatafuta hesabu ya tajiri, na kinachobaki baada ya hapo ndo mnagawana wewe na dereva, siku nyingine hakibaki kitu mnaagana mnaenda kulala. Haya niambie, hizo nauli zote zikiingia kwenye kadi zikaenda kukaa kwenye akaunti mpaka kesho kutwa, gari linaweka mafuta na nini? Na akaunti hiyo ni ya nani? Ya tajiri! Mimi nitaanza kumwomba tajiri hela ya pancha kwa simu?

Kwa hiyo mtoa mada unaposema hatari yote inamhamia abiria, umesahau konda na dereva. Anayetaka kadi kwenye daladala lazima kwanza aseme mshahara wetu analipa nani.

Wa Rongai:
Konda umeongea ukweli mtupu, wacha niwape ya huku kwetu Nairobi. Haya mnayojadili sisi tulishayapitia tukamaliza. 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi inaitwa BebaPay, ikafuata My 1963, zikafuata zingine, 2014 serikali kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri wa barabarani, ikasema kuanzia tarehe 1 Julai hakuna kulipa matatu na pesa taslimu. Ilifika hiyo tarehe ikasukumwa mbele, ikasukumwa tena, na BebaPay yenyewe 2015 ikafungwa. Tulibaki na kadi kwa wallet kama kumbukumbu.

Na msidhani ni ati Wakenya hatujui mambo ya simu, M-Pesa tuko nayo tangu 2007, leo hii ukipanda mat makanga anakupa namba unamtumia unashuka, hakuna drama. Kwa hivyo teknolojia si ndio ilikataa. Kilichokataa ni hii: wenye magari walitaka kadi ndio waone gari inaingiza ngapi kwa siku, na dereva na makanga walikuwa hawataki wenye magari waone. Ile ya M-Pesa inapita kwa sababu pesa inaingia kwa simu ya makanga mwenyewe saa hiyo hiyo. Na pia fare ya huku haikai mahali pamoja, mvua ikianguka tao saa kumi na moja jioni bei inaruka, kadi utaiambiaje.

Mwanakigamboni:
Kwa hiyo Wa Rongai unatuambia kadi ni mbaya kwa kuwa inazuia watu kupandisha nauli mvua ikinyesha? Mbona hiyo ndo sababu ya kuileta haraka.

Wa Rongai:
😂😂 hapo umenishika. Lakini nimesema kwa nini ilikufa, sijasema ilikuwa haki kufa.

Mpita Njia:
Kigali wanatumia kadi ya Tap&Go miaka yote hiyo, unagusa unapanda, hakuna makelele. Sisi kila kitu ni mjadala.

Konda Mstaafu:
Mpita Njia mdogo wangu, Kigali usianze kuisimulia kwenye kadi, anza nyuma kidogo. 2013 waligawa ruti za mji kwa makampuni machache kwa mkataba, zile Hiace za mtu mmoja mmoja zikatolewa njia kubwa. Kadi imekuja baadae ikakuta kampuni, ikakuta dereva aliyeajiriwa. Wametengeneza nyumba ndo wakaweka kufuli. Sisi tunataka kufuli la nyumba ambayo haina mlango.

Mama Wawili:
Samahanini kaka zangu, mnabishana kuhusu matajiri na makonda, naomba kuuliza kuhusu watoto. Wangu mmoja yuko darasa la tatu, nauli yake ni mia mbili, kila asubuhi nampa mia nne kwenye mfuko wa sketi namaliza. Mwanangu huyu kapoteza masweta matatu mwaka huu. Nimpe kadi yenye salio la wiki nzima? Ikipotea Jumatatu anarudije? Na yule binti anayenisaidia nyumbani nikimtuma Kariakoo nimpe kadi yangu? Shangazi yangu akija kutoka Kilwa kukaa siku mbili, anunue kadi ya siku mbili? Hawa watu watatu ndo nawaona kila siku, na sijasikia aliyewataja.

Mtoa mada:
Dada yangu asante sana, huyo shangazi wa Kilwa ndo nilikuwa namtafuta tangu asubuhi. Mwanakigamboni jibu hapo.

Mwanakigamboni:
Mgeni anaazima kadi ya mwenyeji, anagongewa geti anapita, wote tunafanya hivyo. Ila kwa mtoto nakubali, hapo sina jibu.

Niko Ilford:
Salaam kutoka Uingereza. Nimewasoma wote. Mabasi ya London yaliacha kabisa kupokea hela taslimu tarehe 6 Julai 2014, siku tano tu baada ya ile tarehe ya Nairobi aliyosema Wa Rongai. Tofauti iko wapi? Kwanza kadi yao ya Oyster ilikuwepo tangu 2003, yaani wameiacha ikae pamoja na hela miaka kumi na moja, mpaka wanaopanda basi kwa hela wakabaki chini ya asilimia 1. Hawakufukuza hela, waliisubiri iondoke yenyewe. Pili, na hii mtoa mada inakuhusu wewe na boda yako ya elfu nne, waliweka safari moja ya deni. Kama salio ni dogo kuliko nauli ya basi lakini halijaingia kwenye deni, mashine inakupitisha hivyo hivyo mara moja, ukiongeza hela inajikata. Kadi ya Octopus ya Hong Kong nayo inakubali kwenda chini ya sifuri kidogo. Na watoto wa chini ya miaka 11 basi la London wanapanda bure, kwa hiyo swali la mama hapo juu kule halipo kabisa.

Mtoa mada:
Sasa hii ndo nilikuwa naitafuta bila kujua jina lake. Nabadilisha msimamo kidogo, sitaki tena kung'ang'ania hela ibaki milele. Nasema hivi, nani anataka kufunga hela afunge, ila kwanza kadi iwe na safari ya deni, mwanafunzi mwenye sare asirudishwe getini kisa kadi, na mashine ikigoma abiria apite bure, shida ibaki kwa mwenye mashine. Akikubali hayo matatu mimi kadi tu nitaipigia debe mwenyewe. Akikataa, basi ujue anataka hela yetu mapema na lawama zote tubebe sisi.

Mwanakigamboni:
La mashine kugoma abiria apite bure sikubali, mashine zitagoma kila Jumatatu asubuhi 😂 mafundi wa bongo unawajua. La deni sawa, nauli moja haiui mtu. Ila wakikimbia nalo wengi?

Konda Mstaafu:
Mwanakigamboni hilo deni lilikuwepo siku zote, sema hamkuliona kwa kuwa lilikuwa kichwani mwangu halijaandikwa kwenye mashine. "Konda leo sina, nitakupa kesho." Unamtazama mtu usoni unajua huyu kweli hana, unamwambia panda. Kuna mama mmoja muuza samaki alikuwa anapandia Tandale alfajiri na ndoo yake, huyo kaniambia kesho karibu miaka miwili. Siku naacha kazi ya ukonda kanifuata stendi na sato wawili wamefungwa kwenye gazeti, ananiambia haya baba tumemalizana.