Naomba ushauri: pikipiki moja ya lami, tope na milima ya Lushoto

Ndugu zangu, kila wiki natoka Mombo kupanda Lushoto, ambako kuna lami na kona kali, kisha naendelea hadi Mtae kwa barabara ya udongo ambayo mvua ikinyesha huteleza kama bamia. Pikipiki niliyo nayo imechoka. Juzi cheni iliruka mlimani nikiwa na gunia la viazi.

Ninasita kati ya Boxer 150, ambayo vipuri vyake hupatikana hata vijijini, na Honda XL 125 iliyotumika, iliyoinuka zaidi kutoka ardhini. Jumapili humpakia mke wangu, naye kiti kilicho juu sana hakipendi. Je, nichukue Boxer na kuifunga matairi yenye meno makubwa, au XL haitanisumbua kwa vipuri?