Mjadala: Mwanafunzi akitajwa kuwa shoga, chuo kisimame wapi?

Mleta mada, Tudor

Nianze na godoro. Lilikuwa la buluu, la inchi nne, limeegemezwa ukuta wa nje wa hosteli, na mvua ya Mei ilikuwa ikilinyea tangu alfajiri. Kando yake meko, na sufuria yenye masalio ya maharage. Mwenyewe hayupo. Usiku ule wenzake wawili wa chumba waliichukua simu yake ikiwa wazi, wakapiga picha mazungumzo yake na mwanamume mwingine, wakazimwaga kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu lenye watu sabini na kitu. Saa tano usiku kila mtu ana lake la kusema. Saa sita kuna mtu keshamwandikia: tuma elfu tano, la sivyo zitamfikia babako.

Mimi ndiye niliyekuwa mwakilishi wa darasa. Asubuhi nikaenda kwa afisa anayeshughulikia wanafunzi. Akanisikiliza hadi mwisho, akafunga faili lililokuwa mbele yake, akaniuliza: "Lakini ni kweli ama si kweli?" Nani kaichukua simu, hakuuliza. Nani anadai pesa, hakuuliza. Mwenzetu hakufanya mtihani wa muhula ule wala hakurudi. Godoro lilikaa pale siku tatu, na mnajua mjini hapa godoro likiachwa nje halikosi wa kulichukua. Lile hakuna aliyeligusa. Watu waliogopa kuonekana wamelishika.

Ni miaka kadhaa sasa. Nimelikumbuka kwa sababu juzi kazini mwenzangu alituletea habari za vyuo vya Marekani, ambako mhadhiri hubandika mlangoni stika ya rangi za upinde wa mvua, mwanafunzi shoga ajue kwamba humo ndani hatatukanwa. Tena kuna siku maalumu, tarehe 11 Oktoba, inayoadhimishwa tangu 1988, ya watu kujitokeza hadharani. Akauliza, mbona vyuo vya Mombasa visifanye hivyo?

Nilicheka. Stika ile ikibandikwa hapa Tudor haifiki adhuhuri, na huyo mhadhiri sijui kama atafika alasiri. Lakini nilipomaliza kucheka nikaona nimelikwepa swali. Mimi nasema hivi: chuo hakidaiwi kumpenda mtu wala kumtolea fatwa. Kinadaiwa kuuliza swali linalokihusu. Sisi watu wa pwani tuna neno letu, sitara, yaani kumfichia mtu aibu yake, na siku ile hakuna aliyelikumbuka. Nakaribisha michango, matusi hapana.

(Na kabla hamjanirukia kwa neno "shoga": najua mama zetu wanaitana hivyo kutwa kucha, shoga yangu hivi, shoga yangu vile. Lugha ndiyo hii tuliyo nayo.)

Abu, Majengo

Mleta mada, umeanza na godoro ili tulie kwanza halafu tukubali. Mimi silii. Aliyechukua simu ya mtu ni mwizi, anayedai elfu tano ni mwizi zaidi, wapelekwe polisi. Hapo huna wa kubishana naye.

Lakini umeleta na stika. Sheria ya nchi hii, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ngono "kinyume cha maumbile" ni miaka 14 jela. Wanaharakati walikwenda Mahakama Kuu kutaka kiondolewe, na tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wakakataa. Katiba yenyewe, Ibara ya 45, inasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na wa jinsia tofauti. Mzazi wa Kwale anauza ng'ombe alipe karo, halafu mwanawe afike chuoni akute mlango una upinde wa mvua? Leo ni godoro, kesho ni chama, keshokutwa ni wiki ya maadhimisho. Mwaka 2023 tuliliona hilo.

Mwanagenzi wa sheria, Kizingo

Kaka Abu, vifungu umevitaja sawa, ila visome tena polepole. Kifungu cha 162 kinaadhibu tendo. Hakiadhibu mtu kwa alivyo, wala kwa kuandikiana na mtu. Na hiyo 2023 unayoisema, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kuwanyima mashoga na wasagaji usajili wa shirika lao la kutetea haki ni ubaguzi. Kesi ilikuwa imeanza 2013. Kifungu cha 162 hakikuguswa, kipo vile vile.

Tena tuna kesi ya hapa hapa kwetu. Februari 2015 vijana wawili walikamatwa Ukunda, wakapelekwa hospitali kuu ya mkoa hapa Mombasa, wakachunguzwa sehemu za siri kwa nguvu ili serikali ipate ushahidi. Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema 2016 kwamba kuwachunguza hivyo si kosa. Wakakata rufaa, na tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, ikiwa papa hapa Mombasa, ikasema ni kinyume cha Katiba. Sasa niambie: ikiwa serikali yenye amri ya hakimu mkononi imekatazwa kumpekua mtu namna ile, mwenzako wa chumbani kapata wapi ruhusa ya kukupekua simu? Ibara ya 31 inalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2018 tuna sheria ya makosa ya mitandaoni. Afisa yule alikuwa na wahalifu watatu mlangoni pake akawaacha waende zao darasani.

Wa Likoni

Haya yote yaliletwa na wazungu.

Mwanagenzi wa sheria, Kizingo

Kanuni ya Adhabu ni ya 1930. Nani alikuwa akiandika sheria hapa 1930, babu yako?

Mama mwenye vyumba, Kisauni

Wanangu, mimi sikusoma sheria, nimepangisha wanafunzi miaka kumi na miwili. Niliwahi kuwa na kijana hapa, mpole, kodi hachelewi, pampu ikizingua ndiye anayepanda kwenye tangi. Maneno yakaanza mtaani. Jioni moja wakaja vijana saba getini, wengine nawajua tangu wanatambaa, wananiambia, "Bi mkubwa, mtoe huyo mtu, tuna mazungumzo naye." Nikawauliza, mazungumzo yenu mbona yana rungu? Nikawataja mmoja mmoja kwa jina la mamake. Wakatawanyika. Mimi sikumuuliza yule mtoto kitu, wala yeye hakunieleza. Alihama baadaye kwa hiari yake.

Msinielewe vibaya, kwangu hilo ni dhambi na nitasema hivyo hadi kaburini. Lakini mwaka 2010, mwezi wa Februari, nilikuwa nauza viazi karai Mtwapa. Palizuka uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Watu wakajaa, wakaizingira zahanati ya KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, pale wanapotoa huduma za ukimwi, vijana wakapigwa. Hiyo harusi yenyewe hadi leo sijakutana na aliyeiona. Nilirudi nyumbani na karai limejaa viazi, mikono inanitetemeka. Umati ukishaanza hauchagui.

Maalim, Mji wa Kale

Bi Mkubwa amesema maneno mazito. Mleta mada ametaja sitara, nami niongeze, maana wengi humu wanaitetea dini kwa kitu ambacho dini imekikataza. Suratul Hujurat, aya ya 12: "wala msipelelezane". Na kila mtoto wa madrasa anajua kisa cha Sayyidna Umar kupanda ukuta akamkuta mtu anakunywa pombe nyumbani mwake. Mtu yule akamjibu: mimi nimemuasi Mungu kwa moja, wewe kwa matatu, umepeleleza, hukuingia kwa mlango, hukutoa salamu. Umar akamwacha. Kusambaza picha za mtu kwa watu sabini na kuita hiyo ni kukataza maovu, huko mmekusoma wapi?

Hukumu ya tendo lenyewe iko wazi, sitaipindisha kumfurahisha mtu.

Abu, Majengo

Maalim, nakubali. Lakini sitara ni ya anayejisitiri. Anayetaka stika hajisitiri.

Bila jina

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ni mmoja wao, nasoma chuo hapa mjini, mwaka wa tatu.

Abu, hakuna aliyeomba stika. Stika kaileta mleta mada na mwenzake wa kazini, wanaodhani hayo ndiyo tunayoyawaza. Ninachowaza mimi ni kwamba kila nikienda kuoga nabeba simu kwenye mfuko wa plastiki. Watu wanadhani nina mpenzi wa kike mwenye wivu.

Na wewe mleta mada, hiyo sitara yako nimeisikia vizuri, lakini umeipima kwa mwili wako? Maana yake ni mimi ninyamaze maisha yangu yote ili nyinyi mstarehe. Nikinyamaza mnanisitiri, nikitajwa na mtu mwingine sitara imekwisha, nami sikufungua mdomo. Ninachotaka ni namba moja ya kupiga usiku wa manane, na mwenye kuipokea asianze na "ni kweli ama si kweli".

Mleta mada, Tudor

Ndugu yangu, hapo umenishika pabaya. Kuna jambo sikulisema mwanzo. Saa tano usiku ule nami nilikuwa kwenye grupu. Niliziona picha zote, na mimi ndiye niliyekuwa na uwezo wa kuzifuta na kuwatoa walioziweka. Sikufanya. Nilingoja asubuhi niende ofisini nikiwa msafi. Sikumpigia hata simu.

Mwanagenzi wa sheria, Kizingo

Basi tuandike kifungu cha kanuni za wanafunzi: atakayepekua simu ya mwenzake, kusambaza siri yake, kumdai pesa au kumfukuza chumbani kwa sababu ya anavyodhaniwa kuwa, asimamishwe masomo. Na ofisi isimhoji aliyeumizwa kuhusu maisha yake ya ndani. Abu, hapo utatia sahihi?

Abu, Majengo

Natia. Lakini neno lile lisiwemo. Sema "mwanafunzi yeyote".

Bila jina

"Mwanafunzi yeyote" tayari imo kwenye kanuni za kila chuo. Afisa wa mleta mada alikuwa nayo kabatini. Msipolitaja, atauliza swali lile lile.

Abu, Majengo

Likitajwa, mzazi wa Kwale hatii sahihi, na bodi haitapitisha. Sikudanganyi.

Mama mwenye vyumba, Kisauni

Wewe usiye na jina, mwanangu. Wakati hawa wanabishana juu ya neno, mimi nina chumba kitakuwa wazi Januari. Kina choo chake ndani, na komeo nimebadilisha. Sitaki vurugu, wala sina maswali. Kodi ni tarehe tano.