Iiteni deni, musiiite msaada: wakaaji wa Goma tuonyeshwe hesabu

Wandugu wa hapa jukwaani, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jana nilipita Buhene, pembeni ya Goma, kuangalia kiwanja chetu, kile ambacho lava ya volkano Nyiragongo ilikifunika 2021. Kando ya balabala kumesimamishwa bango la mradi: bendera, nembo nne, jina refu la Kifaransa, neno «résilience» (ustahimilivu) kwa herufi kubwa. Chini yake kuna robine ya maji, imekauka, kichwa chake kimeng'olewa. Mama mmoja amepanga mifuko yake ya makala kwenye kivuli cha bango. Nikamuuliza maji yaliisha lini.

«Baba, ilitoka siku ile wakubwa walikuya kupiga foto. Kisha ikatoka tena kidogo, ikakauka.» Halafu akaongeza: «Tutafanya je? Ni musaada ya bazungu. Mwenye anapewa hachaguake.»

Simlaumu mama yule hata kidogo. Ndivyo tulivyofundishwa wote. Kila kinachojengwa na pesa ya nje tunaambiwa ni msaada, tupige makofi, tuimbe, tuwashukuru wafadhili. Ni uongo, na uongo huo ndio unaowapa watu nafasi ya kula.

Sikieni. Benki ya Dunia inazipa nchi kama yetu pesa kupitia mfuko wake unaoitwa IDA. Sehemu inatoka kama zawadi, sehemu inatoka kama mkopo. Mkopo wa kawaida wa mfuko huo umekuwa wa miaka 38: miaka 6 ya kwanza hurudishi pesa yenyewe uliyokopa, na kila mwaka kuna ada ya 0.75%. Ni nafuu, hilo silikatai, hakuna benki ya biashara itakayokukopesha hivyo. Lakini fanyeni hesabu. Mtoto aliyezaliwa njiani Sake tulipokimbia volkano Mei 2021, mkopo uliosainiwa mwaka ule akimaliza kuulipa atakuwa na miaka karibu arobaini. Na robine aliyokopewa imekufa kabla hajaanza shule.

Tena siyo mara ya kwanza. Julai 2010 nchi hii ilisamehewa deni la dola bilioni 12.3. Watu walicheza. Ni wangapi waliuliza deni lile lilinunua nini? Sehemu yake iliingia kwenye waya wa umeme wa Inga–Shaba, zaidi ya kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, ulioanza kazi 1982. Umepita juu ya vijiji ambavyo havijapata hata balbu moja. Wazee wetu walihesabiwa kuwa wadeni wa umeme waliouona ukipita tu juu ya vichwa vyao. Sitaki wanangu waandikiwe hivyohivyo.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi, volkano.

Nyiragongo ililipuka 10 Januari 1977, ikalipuka 17 Januari 2002, ikalipuka 22 Mei 2021. Mlima huu haufungi hata siku moja. Hata ukiwa umenyamaza, mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini, inaua mbuzi na watoto kwenye mabonde. Kwa hiyo kuulinda ni kazi ya kila siku: vipima tetemeko, betri, mafuta ya gari la kupanda kwenye vituo, walinzi wa kuzuia vifaa visiibiwe, intaneti ya kuleta data mjini, mishahara. Mambo madogo madogo ambayo hakuna mkubwa anayekuja kuyakatia utepe.

Na mambo hayo yote yalifungwa kwenye mradi wenye tarehe ya mwisho. Pesa ya Benki ya Dunia iliyokuwa inaisaidia OVG, ofisi yetu ya kuchunguza volkano, iliisha 2020, haikuendelezwa. Serikali yetu haikuziba pengo. Intaneti ya ofisi ikakatwa, ikapita miezi bila wataalamu kupokea data zote kutoka mlimani. Ilirudi Aprili 2021. Tarehe 22 Mei, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu, na sisi tukajulishwa na macho yetu.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema intaneti haizuii lava. Ni kweli. Na utafiti uliofanywa baadaye unaonyesha kwamba safari ile dalili zilijitokeza chini ya saa moja kabla. Nimelifikiria hilo sana. Kwa mtu wa Kibati, chini ya mlima, nusu saa ni kumfunga mtoto mgongoni, kumshika mzee mkono na kuvuka ng'ambo. Watu wasiopungua 30 walikufa, nyumba za watu kwa maelfu ziliungua. Mama yangu alitembea hadi mpaka wa Gisenyi, Rwanda, na godoro kichwani kwa sababu hakuna aliyemwambia lava inaelekea wapi. Tarehe 27 ndiyo tukatangaziwa tuhame, na watu laki nne wakatoka kwa siku moja, watoto wakapotea njiani.

Baadaye sisi tulioathirika tukaandikwa ili tusaidiwe. Mara ya kwanza alikuja kijana na daftari. Mara ya pili wasichana wawili na simu kubwa za kupiga foto. Mara ya tatu tukapewa jetoni, kikaratasi kigumu chenye namba na muhuri. Mama amekihifadhi ndani ya Biblia, kwenye mfuko wa plastiki, mpaka leo. Nilipoenda kuuliza kwenye ofisi iliyotuandika (sitaitaja), nikajibiwa: «Papa, tuliza moyo, mafaili iko ku Kinshasa.» Nilirudi mara nne. Mara ya mwisho mlinzi hakunifungulia lango.

Mutasema kuna vita. Kweli, waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 benki zilifungwa, uwanja wa ndege ulifungwa, na kila mwenye mradi akapata sababu ya kusimama. Lakini vita ya 2025 haikukata intaneti ya 2020. Vita haikung'oa robine ya Buhene. Na deni halisimami kwa sababu ya vita.

Kinachonipa moyo ni jambo moja. 2017, watu wanaoishi kando ya barabara ya Bukavu–Goma walichoka na yaliyokuwa yanatendeka kwenye ujenzi uliolipwa na Benki ya Dunia, pamoja na wanawake na wasichana kutendewa ukatili. Wakapeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki hiyohiyo. Yakapokelewa, Benki ikasimamisha malipo ya kazi, uchunguzi ukafanywa. Hawakuwa mawaziri wala wanasheria wakubwa. Walikuwa watu wa vijijini walioumizwa.

Basi madai yangu ni haya. Kila bango la mradi liandikwe kwa Kiswahili: ni mkopo au ni zawadi, ni kiasi gani, nani kapewa kazi, itaisha lini, na nani ataitengeneza ikiharibika. Hesabu ibandikwe kwa shefu wa avenue, kiongozi wetu wa karibu, siyo kwenye ripoti ya kurasa mia mbili ya Kiingereza. Na pesa ya kulinda mlima iwekwe kwenye bajeti ya nchi kila mwaka, kama mishahara ya askari, mfadhili akiwepo au akiondoka. Mei 2023 mvua ilifuta Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, zaidi ya watu 400 wakafa. Huko nako wageni walikuja na ahadi, na mabango.

Wenye jetoni za 2021, wa Buhene, Kibati, Majengo na pande zote, andikeni hapa chini: muliandikwa mara ngapi, na mulipata nini. Musiweke majina wala namba ya jetoni, kuna wezi. Kartie (mtaa) na idadi tu. Naanza mimi: Buhene, mara tatu, turubai moja.