Unyogovu baada ya kujifungua: waliokwenda kwa kaunsela, tupeane uzoefu

Mama Pacha, Umoja
Akina mama, habari za jioni. Humu tumeshaongea uji wa wimbi, maziwa kukauka na nepi za bei nafuu. Leo naomba tuongelee kichwa cha mama. Simaanishi zile siku za kulia ovyo baada ya kujifungua. Hizo huwapata wengi na kwa kawaida hupita ndani ya wiki mbili. Nauliza wale ambao haikupita. Ulijuaje? Na kwa kaunsela mlifanya nini hasa? Kila mtu husema "tafuta msaada", lakini hakuna anayesimulia yanayoendelea mle chumbani.

Naanza mimi. Tulikuwa kliniki, sindano za wiki sita. Watoto wakapimwa uzani, kijitabu kikajazwa, wako sawa. Sista akaona nambari yangu inaitwa na mimi nimekaa tu, nimeikodolea macho karatasi ya foleni. Akanivuta kando, akanisomea maswali kumi kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Ni yale ya Edinburgh, ya kupima unyogovu baada ya kujifungua, yaliyotungwa 1987. La mwisho ni kama umewaza kujidhuru. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akangoja, mpaka nikajibu.

Kwa kaunsela nilitarajia mawaidha, niambiwe nimshukuru Mungu kwa baraka mbili. Wapi! Alinipa daftari. Upande mmoja naandika wazo, upande wa pili ushahidi. "Watoto wangu wangelelewa vizuri na mtu mwingine." Haya, ushahidi uko wapi? Nilikaa na kalamu hadi nikakasirika. Pia alinipa kazi ya nyumbani: kila siku nitoke kidogo peke yangu, hata kama ni kununua sukuma tu. Baadaye akamwita mume wangu, wakapanga zamu za usiku. Hizo zamu zilinisaidia kuliko maneno yote.

Wa Kasarani
Pole dada. Mimi sikuwa na machozi, nilikuwa na hasira. Kijiko kikigonga sufuria, natamani kupiga mtu. Mama mkwe akasema enzi zao walijifungua wakarudi shambani. Sawa mama, lakini huko shambani kulikuwa na dada zako na majirani wa kukubebea mtoto. Mimi niko ghorofa ya nne na mlango umefungwa mchana kutwa.

Mimi niliongezewa dawa ya unyogovu, sertraline. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nanyonyesha. Daktari akanieleza kwamba inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, nikaendelea kunyonyesha. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti. Ukipata nafuu usiikatishe ghafla, mwone daktari kwanza.

Baba wa Githurai
Mniruhusu niingie, ingawa ni kikao cha akina mama. Mke wangu hakuwa analia wala kukasirika. Hakulala usiku na mchana, aliongea mfululizo, akasema mtoto amebadilishwa. Jirani akasema ni majini. Mimi nikaita teksi usiku huo huo. Daktari alisema ni ugonjwa mwingine, si unyogovu: huwapata akina mama kama mmoja au wawili kwa kila elfu, na ni dharura. Akina baba, mkiona hivyo msingoje asubuhi, na mama asiachwe peke yake na mtoto. Alilazwa, akatibiwa, leo ni mzima.

Mgeni wa Kayole
Nasoma hapa nalia. Kaunsela ni hela, na mimi sina.

Wa Kasarani
Anzia hapo unapopeleka mtoto sindano, mwambie sista waziwazi kwamba wewe ndiye mgonjwa. Hospitali za Kenyatta na Mathari hapa Nairobi zina kliniki za afya ya akili, na malipo si kama ya binafsi. Na ukizidiwa usiku, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure.

Mgeni wa Kayole
Na mtoto nitamwachia nani?

Mama Pacha, Umoja
Nenda naye. Mmoja wangu alitapika kwenye kiti cha kaunsela, mwenyewe akachukua kitambaa akapangusa, tukaendelea. Nami kesho asubuhi niko nyumbani. Niandikie faraghani, nikusindikize.